Mbale au Fort Portal? Hesabu Siku Zako Kwanza

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Kisumu likizo inapokaribia huwa wamekwisha kuamua kwamba watavuka mpaka waende kupumzika milimani nchini Uganda, ila hawajajua waende Mbale au Fort Portal. Yote mawili yalipandishwa hadhi kuwa majiji mwezi Julai 2020, yote yako chini ya milima mirefu, na picha zake kwenye simu zinavutia kwa kiasi kilekile. Tofauti kubwa iko barabarani, nayo ndiyo tunayomwomba kila mteja aipime kabla hajalipa chochote.

Anayetoka Kisumu asubuhi na mapema, akavuka Busia au Malaba bila kukwama sana, hupita Tororo na kubakiwa na kilomita 45 hivi kufika Mbale, hivyo jioni ileile atakuwa amekwisha kuoga na kula. Anayekwenda Fort Portal atapita Jinja, apambane na msongamano wa Kampala, kisha aanze safari nyingine ya kilomita 300 hivi kuelekea magharibi kupitia Mityana na Mubende. Kwa kuwa hatupendi dereva aendeshe gari akiwa amechoka, sisi huwalaza wasafiri Kampala wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na maana yake ni kwamba siku nne zinaishia njiani. Mwenye siku nne au tano hatumshauri kwenda Fort Portal, hata kama fedha anazo, kwa sababu watoto watachoka na yeye mwenyewe atarudi kazini akiwa hoi kuliko alivyoondoka.

Mbale inatosha kabisa kwa siku hizo. Mwamba wa Wanale umesimama juu ya jiji lenyewe, na mwendo wa saa moja na kitu kwa gari unakufikisha kwenye maporomoko ya Sipi, upande wa Kapchorwa, ambako maji huanguka mara tatu na poromoko refu zaidi linakaribia mita 100. Njia ya kuteremkia huko inapita katikati ya migomba na mibuni ya wenyeji. Udongo wake ni mfinyanzi, mahali pengine kuna ngazi za kushikilia kwa mikono miwili, na mvua ikinyesha panateleza vibaya, kwa hiyo viatu vyenye meno ni vya lazima na mzee mwenye maumivu ya magoti ni heri atazame kutoka juu, kwani hata huko mandhari ni mazuri mno. Wenyeji wa Sipi ni Wasabiny, ndugu wa Wasabaoti wa upande wetu wa Mlima Elgon, na mgeni kutoka Kapsokwony atasikilizana nao bila mkalimani.

Jambo moja la kuzingatia ni mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Huo ndio msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, wenyeji wa Mbale, na wasomaji wetu wa Bungoma wanaelewa vizuri, kwa kuwa Wabukusu nao hutahiri katika miaka hiyohiyo. Anayependa ngoma na umati wa watu hatapata wakati bora zaidi. Anayetafuta utulivu achague mwezi mwingine.

Fort Portal nayo ina utajiri ambao Mbale haina. Pembeni yake kuna maziwa madogo yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano za kale, mashamba ya chai yanayomkumbusha mtu Nandi Hills, na msitu wa Kibale ambako waliopata kibali hufuatana na askari wa wanyama hadi wanapowapata sokwe, kisha huruhusiwa kukaa nao kwa saa moja. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo kuliko wageni wa mbali, ila watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia katika matembezi hayo. Kuhusu theluji ya Rwenzori, tunapenda kuwa wakweli: mawingu huificha mara nyingi, na wanaopanda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, kwa kawaida huanzia upande wa Kasese na hutumia takriban wiki nzima mlimani. Mwenye hamu ya kupanda kwa mara ya kwanza tunamwelekeza Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321, ambacho hakihitaji vifaa vya barafu.

Mkenya mtu mzima huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Anayeendesha gari lake awe na bima ya COMESA, ile ya gari inayotambuliwa nje ya Kenya.

Unapotuandikia, tutajie idadi ya siku zako ukihesabu na za njiani, umri wa mkubwa na mdogo kabisa katika msafara, na kama kuna anayetaka kuwaona sokwe. Vibali vya Kibale kwa siku moja vina kikomo, kwa hiyo hivyo ndivyo tunavyovitafuta kwanza, na hoteli hufuata.