YAH: Malalamiko kuhusu hitilafu mliyotangaza kuwa imerekebishwa, na jinsi nilivyotendewa usiku wa tarehe 14 Mei

Dodoma,
9 Juni 2025

Meneja Mkuu,
Ofisi ya Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa kanzidata katika taasisi inayohudumia vyama vya ushirika vya wakulima hapa Dodoma. Programu yenu ya kutengeneza nakala pepe za kanzidata tunaitumia mwaka wa tatu sasa na ada hatujawahi kuichelewesha. Mkataba mnao, tiketi zangu za kuomba msaada mnazo, masharti ya huduma mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawachosha na historia. Barua hii nimekaa nayo wiki tatu nikisubiri hasira ipungue. Haijapungua, ila nitajitahidi kuandika kwa adabu.

Jumatano ya tarehe 14 Mei, saa nne kasoro usiku, mhandisi wenu aliniuliza kwa simu mbele ya Mkurugenzi wangu: "Dada, hapo hamna mtu mwingine anayejua kanzidata?" Kisha akafunga tiketi.

Usiku huo nakala pepe zetu zote 11 zilikuwa zimesimama. Diski ya injini yenu, yaani mashine inayobeba nakala hizo, ilikuwa imejaa hadi asilimia 100, na injini ikikosa pa kuandika mnajua kinachofuata. Jumamosi ya tarehe 10 nilikuwa nimekesha ofisini nikiweka sasisho lenu, lile ambalo maelezo yake ya toleo, kwenye orodha ya hitilafu zilizorekebishwa, yanasema kwamba snapshoti (picha za data jinsi ilivyokuwa wakati fulani) zilizopitwa na muda sasa zinafutwa hata kama nakala iliyokuwa inazitegemea imehuishwa kutoka snapshoti nyingine. Mstari huo niliusoma mara tatu kabla ya kuanza kazi, maana hitilafu hiyo niliiripoti mimi, mwezi Machi. Mkanijibu kwamba mnaifahamu na nisubiri toleo lijalo. Nikasubiri. Kwa miezi miwili kila Ijumaa jioni nilikuwa nafuta snapshoti kwa mkono, moja moja, nikihakikisha sigusi iliyobeba nakala hai.

Mwanasheria wetu, ambaye amepewa nakala ya barua hii, ameniomba nieleze jambo lenyewe kwa lugha ya kawaida, kwa hiyo mniwie radhi nikiwaeleza bidhaa yenu. Programu hii inatunza nakala moja tu kamili ya kanzidata mama na kufuatilia mabadiliko yake kupitia logi, yaani kumbukumbu za kila badiliko. Tukihitaji kanzidata ya majaribio haikopi kila kitu upya. Inatoa nakala pepe inayotumia vipande vilevile vya data vilivyoko kwenye diski, na inaandika pembeni kile tu kilichobadilika. Ndiyo maana kanzidata yetu ya terabaiti 4 inaweza kutoa nakala 11 kwa dakika chache bila kudai terabaiti 44. Lakini kila nakala imesimama juu ya snapshoti fulani, na snapshoti hiyo haifutiki mpaka nakala iondoke juu yake. Sasa injini isipotambua kwamba nakala imeshaondoka, ile snapshoti inabaki pale pale, na ya kesho inabaki, na ya keshokutwa, hadi diski ijae. Hiyo ndiyo hitilafu tuliyoripoti. Sikuwa na ugomvi nayo. Nimefanya kazi hii miaka tisa na sijaona programu isiyo na hitilafu. Ugomvi wangu ni neno "imerekebishwa".

Jumatatu baada ya sasisho diski ilikuwa asilimia 71. Jumanne 84. Jumatano saa tatu asubuhi nikafungua tiketi ya dharura ya ngazi ya kwanza, na mnajua ngazi ya kwanza inawadai nini. Nilipigiwa saa tatu na nusu usiku. Muda wa zaidi ya saa kumi na mbili umepita, nakala zinasimama moja baada ya nyingine, na vijana wanaoandika mfumo mpya wa malipo ya wakulima wamekaa wameshika tama. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Mkulima wa Kongwa, wa Bahi, wa Chamwino anavuna mara moja kwa mwaka, na akishapeleka mzigo wake anataka hela yake. Majaribio ya mfumo huo yalitakiwa yaishe kabla mazao hayajaanza kuingia maghalani. Hamkuulizwa kuhusu mvua, naelewa. Mliulizwa kuhusu diski.

Turudi kwenye simu ile, kwa sababu nimesoma muhtasari wa mazungumzo mlioutuma baadaye na sehemu hiyo haimo.

Mkurugenzi alikuwa ameshafika nyumbani, akarudi ofisini na sweta lake kwa sababu nilimwambia wataalamu wa kampuni wanapiga simu. Tulikuwa watu watano chumbani, wakiwemo vijana wawili wa chuo waliopo kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Mhandisi wenu hakuwasha kamera. Hakutusalimia. Akaniambia nioneshe skrini, nikaonesha. Akasema, "Hiyo imerekebishwa kwenye toleo hili, someni maelezo ya toleo." Nikamsomea mstari wenyewe, neno kwa neno, nikamwonesha na snapshoti 38 zilizotakiwa kuwa zimefutwa tangu Jumapili. Akasema basi turudi toleo la zamani. Nikamweleza, kwa upole kabisa, kwamba mwongozo wenu unasema injini ikishapandishwa toleo haishuki, isipokuwa kwa kurejesha mashine nzima kutoka kwenye nakala iliyochukuliwa kabla, na tukifanya hivyo tunapoteza kila kilichoandikwa tangu Jumamosi. Akanyamaza. Tukawa tunasikia vidole vyake kwenye kibodi. Ndipo akauliza, "Dada, hapo hamna mtu mwingine anayejua kanzidata?" Na akaongeza, kama vile anajisemea, "Hawa wa mikoani."

Hakuna aliyejibu. Mkurugenzi wangu hakuitazama skrini, alinitazama mimi. Kijana mmoja wa chuo akainamisha macho kwenye daftari lake. Kabla sijafungua mdomo, simu yangu ikaingiza barua pepe kutoka kwenu: tiketi imefungwa, sababu, matumizi yasiyo sahihi ya mtumiaji. Tulikuwa bado tuko hewani naye, Ndugu Meneja. Aliifunga huku ananisikiliza.

Baada ya hapo nilikaa mpaka saa tisa usiku. Nilizifuta nakala nne ili snapshoti zake ziachie nafasi, na ndani yake ilikuwemo kazi ya siku sita ya vijana wale. Nilijua ninachofuta na nilifuta.

Alhamisi ya tarehe 22 Mei mwenzenu wa ofisi ya nje akaniandikia mistari miwili. Kwamba wamechunguza, na wamegundua kuwa rekebisho lile linafanya kazi kwa nakala zilizoundwa baada ya sasisho peke yake. Zilizokuwepo kabla zinabaki na kumbukumbu ile ya zamani ya utegemezi, na dawa ni kuziunda upya. Yaani nilikuwa sahihi. Yaani snapshoti 38 nilizomwonesha zilikuwa ushahidi wenyewe. Sentensi moja tu katika maelezo ya toleo, "nakala zilizopo ziundwe upya baada ya sasisho", ingeniokolea usiku ule wote. Na hadi leo tiketi yangu inasomeka matumizi yasiyo sahihi ya mtumiaji. Niliomba ibadilishwe tarehe 23, nikaomba tena tarehe 26. Jibu ni lile la mashine, kwamba maoni yangu ni ya thamani kwenu.

Kama mngeishia hapo, ningeandika barua fupi.

Tarehe 27 Mei kijana mmoja wa programu alikuja mezani kwangu na kompyuta yake mkononi. Ndani ya nakala ya majaribio ameiona namba ya simu ya shangazi yake wa Mpwapwa. Namba halisi, anayompigia kila Jumapili. Nakala zote za majaribio zinapita kwenye kazi yenu ya kuficha taarifa kabla ya kumfikia mtu yeyote. Majina yanabadilishwa, namba za simu zinabadilishwa, akaunti zinabadilishwa. Nikafungua ripoti ya kazi hiyo. Imeandikwa imefanikiwa. Usiku wa jana yake, imefanikiwa. Kila usiku tangu tarehe 10 Mei, imefanikiwa. Nikaenda kwenye jedwali lenyewe, nikakuta safu ya namba za simu haijaguswa. Safu hiyo tuliibadilisha aina ya data mwezi Aprili, na toleo la zamani likikutana na jambo kama hilo lilikuwa linasimama na kupiga kelele. Toleo lenu jipya linairuka na kuendelea, halafu linaandika kijani, yaani imefanikiwa. Nimejaribu mara nne kwenye jedwali la mfano na matokeo ni yaleyale. Hatua zote nimewatumia.

Hilo la diski lilinidhalilisha mimi. Hili limewagusa watu ambao hata hawajui kwamba mpo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuwajibisha sisi tuliozikusanya namba hizo, na mkulima akija kulalamika atakuja mlangoni kwetu. Kwa siku 17 namba za simu za wanachama wetu zilikuwa wazi kwa watu wasiohusika, huku programu yenu ikituambia kila asubuhi kwamba mambo ni shwari.

Tiketi ya hili niliifungua siku hiyohiyo. Mmempangia nani? Yule yule. Nilipoliona jina lake kwenye skrini nilitoka nje nikasimama kwenye upepo kwa muda, maana niliisikia tena sauti yake: hapo hamna mtu mwingine. Nilimwomba kiongozi wa dawati lenu abadilishe mhandisi. Akasema mgawo wa tiketi unafanywa na mfumo.

Naomba yafuatayo. Kwanza, tiketi ya tarehe 14 Mei ifunguliwe na sababu iandikwe ilivyo, hitilafu ya programu. Pili, niombwe radhi kwa maandishi, na barua hiyo iende kwa Mkurugenzi wangu, kwa sababu mbele yake ndipo niliposemwa. Tatu, maelezo ya toleo yarekebishwe ili mteja mwingine asikeshe kama nilivyokesha, na hili la kuficha taarifa litangazwe kwa wateja wote leo, msisubiri toleo lijalo. Wapo wengine wanaotazama kijani asubuhi hii na kuamini.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Lakini kila nikiirudia sehemu ya simu ile naona kuomba radhi kwa maandishi ni kidogo. Namtaka mhandisi huyo, au aliye juu yake, aje Dodoma, akae chumba kilekile, na watu walewale watano wawepo. Msiniambie ni mbali. Treni ya umeme ikimtoa Dar es Salaam asubuhi, chakula cha mchana anakula hapa. Na akija ajue anakuja wapi: mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na sheria ya kuutangaza hivyo ikapitishwa mwaka 2018. Hata kama ungekuwa kijiji cha nyumba tatu, swali lile halikustahili kuulizwa.

Tunadai pia turudishiwe ada ya huduma ya kuanzia Machi, mwezi niliporipoti hitilafu, hadi siku itakapofika programu inayofanya kile mlichoandika inafanya. Ada ya robo mwaka inayokuja Julai haitalipwa kabla ya hapo. Mkurugenzi ameridhia hili na sahihi yake iko chini pamoja na yangu. Taarifa ya tukio la namba za simu inaandaliwa kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ndani yake mtatajwa, pamoja na namba ya toleo na ripoti zote 17 zenye neno imefanikiwa. Mwanasheria anaangalia kipengele cha fidia katika mkataba.

Rasimu ya kwanza ya barua hii iliwapa siku 14 za kujibu. Leo asubuhi, kabla sijaipeleka kusainiwa, nimepata ujumbe kwamba tiketi ya tarehe 27 nayo imefungwa kwa sababu mteja hakujibu. Mteja amejibu mara tano, na nakala za majibu nimeambatisha. Basi ni siku 7, na zinahesabiwa kuanzia mtakapoipokea barua hii kwa mkono, kwa sababu nimeshaacha kuamini chochote kinachopita kwenye mfumo wenu.

Wenu,

Msimamizi wa Kanzidata

Imeridhiwa: Mkurugenzi

Nakala: Mwanasheria wa taasisi, Mwenyekiti wa Bodi