Mheshimiwa Waziri wa Afya, hatuachi PrEP kwa uvivu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nakuandikia kutoka hapahapa Dodoma, ofisi yako iko Mtumba na mimi nakaa upande wa mjini, yani daladala tu inanifikisha getini kwako, ila siwezi kuja na barua hii mkononi na sababu unaijua. Mimi ni mwanaume ninayependa wanaume wenzangu. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, tendo hilo lina kifungo kuanzia miaka 30 mpaka maisha. Leo sijaja kubishana na sheria, hilo lina siku yake. Leo naomba tuongee kuhusu kidonge.

Natumia PrEP, kidonge kimoja kila siku, kwa mtu ambaye hana VVU ili asipate. Nina marafiki wanaotumia kama mimi na wengine waliokuwa wanatumia wakaacha, na hao walioacha ndio wamenifanya nishike simu niandike, maana vituoni wameandikwa watoro na maneno ninayoyasikia ni kwamba hawa watu hawako siriasi, wanapewa dawa bure na bado hawanywi. Mheshimiwa hao nawajua. Ni watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye mishe zao, hawakosi kodi, hawakosi kutuma hela kwao Kondoa au Mpwapwa, mtu wa hivyo hawezi kushindwa kumeza kidonge kimoja na maji kwa sababu ya uvivu. Kuna kitu kingine.

Anza na chupa. Ndani ya PrEP kuna tenofovir, na tenofovir hiyohiyo ndio iko kwenye vidonge wanavyopewa wenye VVU, alafu na chupa zinafanana, kwa hiyo yeyote akiiona hawazi kinga, anawaza ARV. Na ikiwa na vidonge 30 inagonga ukitembea nayo, mtu wa mbele yako kwenye daladala anageuka. Sasa vijana wengi hapa mjini tunapanga chumba wawili au watatu, Chang'ombe, Nkuhungu, hakuna kabati lenye ufunguo, begi la kila mtu liko ukutani. Utaiweka wapi? Wengi wanamwaga vidonge kwenye karatasi au kwenye kimfuko cha nailoni, chupa wanaitupa na kile kifuko cha kuzuia unyevu kimebaki humohumo, na dawa inakaa hivyo mfukoni kwenye joto na jasho wiki nzima. Mwenzako akibaki chumbani nje ya ratiba, au mgeni akija kutoka kijijini akakaa siku nne, kidonge hakinywewi hizo siku nne. Hivyo ndivyo siku zinavyorukwa Mheshimiwa, hakuna siri kubwa hapo.

Nina rafiki ana mke na watoto, na ana maisha yake mengine ambayo mke hayajui. Alikuwa anakunywa dawa yake vizuri kabisa. Siku mke akaikuta chupa, akalia, akaita wazee wakakaa kikao, na yule bwana akashindwa kusema hii ni kinga kwa sababu swali linalofuata ni kinga ya nini na unajikinga na nani. Akanyamaza, akaonekana mgonjwa ukoo mzima, kesho yake akatupa dawa chooni na hajarudi kituoni. Na kile kidonge kilikuwa kinamlinda hata yule mama pia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba mtu akisema huduma hizi ni za hao mashoga tu anasahau wake zetu, wapenzi wetu wa kike, na watoto watakaozaliwa.

Alafu kituo chenyewe. Sitakitaja kwa jina na wala sitaki mtu afukuzwe kazi, nataka mambo yabadilike. Dawa inatolewa kwenye dirisha moja na la CTC, yani kliniki ya wenye VVU, kwenye benchi ambalo kila anayepita anajua wanaokaa pale wanafuata nini, na muda ni asubuhi mpaka mchana, siku za kazi. Fundi wa site ya Mtumba au ya uwanja wa ndege Msalato akiomba ruhusa ana hatari ya kukosa posho ya siku, na kila mwezi anatakiwa arudi kwa sababu anapewa chupa moja moja. Ukifika unaulizwa kwa sauti mbona umechelewa. Nilishakaa pale kijana mmoja akaambiwa mbele ya watu aje na mwenza wake, jamani, aje naye vipi? Aliitikia tu, akatoka, na nina uhakika hakurudi.

Mheshimiwa, wewe una wataalamu na ule utafiti wa PrEP unaoitwa iPrEx wanaujua, matokeo yalitoka 2010, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume pamoja na wanawake waliozaliwa na miili ya kiume, 2,499, kutoka Peru, Ecuador, Brazil, Marekani, Afrika Kusini na Thailand. Kwa ujumla dawa ilipunguza maambukizi kwa asilimia 44, watu wakasema mbona ndogo. Walipopima damu wakaona ukweli wenyewe. Kati ya waliopewa dawa na bado wakapata virusi, waliokutwa na dawa mwilini walikuwa asilimia 9 tu. Lakini walipoulizwa karibu wote walisema wanakunywa. Walisema hivyo kwa sababu binadamu akiulizwa na mtu mwenye koti jeupe anajibu kile kinachomwepusha na lawama, na kwetu ni zaidi, maana sisi lawama tumeshazizoea kutoka nyumbani, kanisani, msikitini, mtaani. Muuguzi akifoka hapati dawa mwilini mwa mtu, anapata uongo kwenye faili.

Na kuna jambo moja linasemwa vituoni linatuumiza sana, kwamba ukiruka siku moja umeshaharibu. Sio kweli! Makadirio yaliyotokana na huohuo utafiti ni kwamba kwa wanaume kama sisi vidonge 2 kwa wiki vinatoa kinga ya kama asilimia 76, vinne kama 96, na saba 99. Kwa hiyo lengo ni kila siku na mimi nakunywa kila siku na namwambia kila mtu anywe kila siku, ila aliyeruka Jumanne anywe Jumatano aendelee. Anayeambiwa umeharibu anasema basi, anaacha moja kwa moja, na mwezi ujao anakutana na mtu akiwa hana kinga yoyote.

Pia WHO, yani Shirika la Afya Duniani, tangu 2019 imeruhusu wanaume wanaolala na wanaume kunywa kwa tukio: vidonge viwili kati ya saa 24 na saa 2 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile vya kwanza, kingine saa 48. Ufaransa na Kanada walijaribu mtindo huo na ukapunguza maambukizi kwa asilimia 86. Kwa mtu anayekaa kambini na anamuona mwenzake mwisho wa mwezi tu, huo ndio unaoendana na maisha yake, kwa nini hafundishwi? Mwenye homa ya ini B ni lazima apimwe na asimamiwe, maana akianza na kuacha ovyo ini linaweza kuwaka, lakini hilo ni la kumpima, sio la kumficha habari.

Najua pia mkono wako umebanwa. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na Februari wakasema hela yao ya PrEP ni kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao, sisi ndio tulikatwa wa kwanza. Mwelimisha rika aliyekuwa anatuletea dawa jioni kwa bodaboda, akijua nani anaishi na nani na asigonge mlango gani, akabaki hana kazi. Mtu yule alikuwa anashikilia watu kwenye dawa kuliko dirisha lolote. Tulishaona 2017 huduma za makundi maalum zilipositishwa kwenye vituo 40, watu hawakuacha kupendana, waliacha kupima.

Ninachoomba ni waraka mmoja kutoka kwako kwenda vituo vyote. Mtu aliyeshatulia kwenye dawa apewe ya miezi mitatu, kipimo cha VVU afanye akirudi kuchukua nyingine. Dawa itolewe pia famasi na OPD kwa wagonjwa wa nje, na jioni au Jumamosi iwepo hata mara moja kwa wiki. Bohari ya Dawa waombe watengenezaji pakiti isiyogonga na isiyofanana na ya ARV. Mwenza asiwe sharti. Waelimisha rika walipwe na bajeti yetu wenyewe, hata wachache. Na sindano ya lenacapavir, ile ya mara mbili kwa mwaka ambayo WHO iliipendekeza Julai 2025, siku ikipangwa nani aanze kupewa naomba tuwe kwenye orodha, kwa sababu sindano haina chupa ya kuficha.

Jibu langu usinitafutie mimi Mheshimiwa. Ukitoa huo waraka tutauona wenyewe dirishani, siku ya kuchukua dawa.

Mkazi wa Dodoma mjini