Isabel Alisikia la Mkuu

Wanangu mnaosoma riwaya kwa vikundi,

Salamu zangu ni fupi, maana nina donge rohoni. Kila kikundi kinapoichukua The Portrait of a Lady ya Henry James, hukumu huwa imeshatoka kabla hakijafika sura ya 20: Isabel Archer, msichana wa Kimarekani, alionywa asiolewe na Gilbert Osmond, akakaidi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ikishatajwa, mazungumzo yamekwisha. Na wanaoitaja kwa sauti kubwa mara nyingi ndio waliosoma muhtasari wa kurasa mbili, wakajua kwamba mume ni mbaya na mke atajuta, wakaona inatosha.

Hebu tuwahesabu hao wakuu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Bi Touchett, dada wa marehemu mama yake. Someni sura ya 33. Anachomwambia Isabel kuhusu Gilbert Osmond ni kwamba hana fedha, hana jina, hana cheo. Msichana aliyekwisha kumkataa Lord Warburton, mwenye vyote hivyo, atatishwaje na maneno hayo? Onyo lile lilikuwa orodha ya sababu zilizomfanya ampende.

Wa pili ni Ralph, binamu yake mgonjwa wa mapafu. Katika sura ya 18 anamwomba baba yake amgawie Isabel nusu ya urithi wake yeye Ralph, ndipo msichana anapopata pauni 70,000. Mzee anauliza: je, wawindaji wa mali wakimnyemelea? Ralph anajibu kwamba ameipima hatari hiyo, akaiona ndogo. Fedha zile ndizo zilizomvuta Osmond. Halafu Ralph huyo huyo anapata ulimi katika sura ya 34, Isabel akiwa ameshatoa neno lake. Anayependa bila matumaini hawezi kuonya vizuri. Kila analosema linasikika kama wivu.

Wa tatu ni Madame Merle, na hapa ndipo ninapowakasirikia kweli. Huyu amemzidi Isabel umri, ameiona dunia, anajua kukaa na watu, na Isabel anamheshimu na kumsikiliza kuliko wote. Ndiye anayemfikisha kwa Osmond. Basi Isabel alisikia la mkuu, na guu likavunjika kwa kusikia! Methali yenu mmeitoa wapi ndani ya kitabu hiki?

Mnamwona mjinga kwa sababu mtunzi amewapa macho ambayo Isabel hakupewa. Katika sura ya 22 msomaji anaingia nyumbani kwa Osmond, Florence, kabla ya Isabel. Anaisoma ile nyumba ambayo upande wake wa mbele ni barakoa, si uso. Anamsikia Madame Merle akimpangia Osmond kukutana na msichana. Isabel hayumo chumbani. Ujuzi wenu ni wa kuazimwa, nanyi mnautumia kumpigia mwenzenu kichwani.

Fanyeni hivi. Chukueni daftari, gaweni ukurasa mara mbili kwa mstari: kushoto andikeni anachokijua Isabel, kulia anachokijua msomaji. Hadi sura ya 17 pande mbili zinakaribiana. Kuanzia ya 18 upande wa kulia unaanza kunenepa, na mkifika ya 22 unamwagika. Kila mnapotaka kumhukumu, funikeni upande wa kulia kwa kiganja, mkatoe hukumu kwa ule wa kushoto tu.

Sura zote ni 55. Tano kwa wiki ni wiki 11, na mwendo huo unamtosha mtu mwenye kazi na watoto. Utangulizi wa wahariri urukeni, unafichua mwisho. Dibaji ya James mwenyewe, ya toleo la 1908, nayo iacheni hadi mmalize. Majina ya wahusika yaandikeni kwenye karatasi ya alamisho.

Mkimaliza sura ya 35, simameni. Msifungue ya 36 siku hiyo. Kila mmoja aandike anavyodhani ndoa itakwendaje. Mkirudi, mtakuta ni majira ya vuli 1876, mko Rome, na miaka imepita. Harusi hamkuonyeshwa. Na hapa wasomaji wa mbio hupitwa na jambo zito: Isabel alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo akafa akiwa na miezi sita. Habari hiyo inapita katika sentensi moja, tena kinywani mwa Madame Merle, katikati ya mazungumzo kuhusu mali ya nani itamfikia nani. Msiba wa mama umetajwa kama hesabu. Asiyeuona msiba huo asinifundishe majuto.

Sura ya 42 isomeni kwa kikao kimoja, simu ikiwa chumba kingine. Hakuna tukio: mwanamke amekaa mbele ya moto unaozimika, usiku, hadi saa kumi alfajiri. Wengi huisoma kama kilio na kuchoka nusu ya njia. Ni ukaguzi. Katika kila aya ulizeni: hapa anamdai nani? Mtaona anakiri kwamba fedha zilimlemea, akatamani kumtwisha mtu mwingine mzigo ule, mtu mwenye ladha njema kuliko watu wote. Mtaona pia anakiri kwamba wakati wa uchumba alijipunguza, akajifanya mdogo kuliko alivyo. Osmond naye alidhani ameoa mtu mwingine. Someni mstari huo mara mbili. Kisha rudini sura ya 34, msikilize upya ule ubishi wake na Ralph.

Nasi wazee tuna deni hapa. Binti akituletea jina la mchumba, tunauliza habari ya mali na ukoo kama Bi Touchett, au tunamsukuma kwa mtu wetu kama Madame Merle, na yote mawili tunayaita nasaha. Ndoa ikivunjika tunatoa methali. Wachache sana humuuliza binti: mbele ya mtu huyu unajipunguza, au unabaki ulivyo? Shuleni nako tuliwazoesha kuwinda funzo la riwaya, mstari mmoja wa kuandika kwenye mtihani, nanyi mkadhani kusoma ndiko huko. Kosa hilo ni letu, wanangu.

Kuhusu kwa nini mwishoni Isabel anarudi Rome kwa mumewe, msianze kubishana kabla ya kusoma tena sura ya 52, pale anapoagana na Pansy, binti wa Osmond, na kumpa ahadi. Na tazameni mna toleo gani. James aliipitia riwaya yake upya kwa toleo la 1908: busu la Goodwood, mchumba ambaye Isabel alimkataa, katika sura ya mwisho lilirefushwa sana, na baada ya maneno ya Henrietta, rafiki wa Isabel, mlangoni akaongeza sentensi ambazo hazikuwepo katika kitabu cha 1881. Nusu ya kikundi ikiwa na toleo moja na nusu ikiwa na lingine, mtagombana usiku kucha kuhusu miisho miwili tofauti.