Mbanguaji wa korosho naye asaidiwe ada ya malezi

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukiingia, gazeti lako hutujuza kila mnada: bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa Tandahimba, tani zilizouzwa Masasi. Tunashukuru. Ila kuna bei nyingine huku Mtwara mjini ambayo sijaiona ikiandikwa, na hiyo ndiyo inayoamua kama mwanamke ataingia kiwandani kubangua au atabaki nyumbani. Ni bei ya kumwachia mtu mtoto wako mdogo kutwa nzima.

Nitangulize kusema kwamba nina maslahi katika jambo hili. Nalea watoto nyumbani kwangu Magomeni: wa wabanguaji, wa mama lishe, wa wauza samaki. Natoza shilingi 1,000 kwa siku pamoja na uji wa asubuhi. Chakula cha mchana mama anakileta mwenyewe kwenye hotipoti. Atakayesema napigia debe biashara yangu hatakuwa amekosea sana, lakini aendelee kusoma.

Kubangua kunalipwa kwa kilo. Mzigo ukiwepo, mama analipa bila kukumbushwa, tena anaacha na ya sabuni. Mzigo ukikatika, au zikija korosho za kuvunjikavunjika na kilo isitimie, ile elfu moja inashindana na unga. Unga unashinda, na siku hiyo mtoto simwoni. Anabaki na dada yake wa darasa la nne, na huyo dada haendi shule. Elimu bila ada tunayo tangu 2016, inaanzia darasa la awali, na sisi wenye kipato kidogo imetutua mzigo mkubwa. Lakini darasa la awali linampokea mtoto wa miaka mitano. Tangu mama atoke arobaini hadi mtoto afike umri huo, gharama ya nani atamtazama ni ya mama peke yake. Baba? Wapo wanaochangia. Kwenye daftari langu si wengi.

Kuna wanaouliza kwa nini asiende naye kazini. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Wabanguaji hujipaka mafuta au majivu mikononi, na bado vidole vinababuka. Mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni huwezi kumwachia kwenye chumba kile. Na kuna wanaosema huku kwetu watoto wamelelewa na bibi zao toka enzi. Ni kweli, mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Lakini sasa bibi yuko Newala na mama yuko mjini, na ikifika Oktoba bibi naye yuko chini ya mkorosho anaokota tangu alfajiri. Tusiwageuze wazee wetu kuwa sera ya taifa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inataka aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Ni sheria nzuri kwa mwenye mkataba na mshahara wa mwezi. Anayelipwa kwa kilo, saa mbili hizo ni kilo zisizobanguliwa, na akichukua bodaboda kuja Magomeni kunyonyesha kisha arudi kazini, nauli imekula alichobangua asubuhi. Ndiyo maana wengi wanaacha kunyonyesha mchana mapema kuliko wanavyoambiwa kliniki. Nawaona, hawapendi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba misaada ipo, lakini mama huyu inampita huku na huku. TASAF kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini inatoa ruzuku, na imeifungamanisha na watoto kupelekwa kliniki na kuhudhuria shule. Imesaidia nyumba nyingi ninazozijua, sina neno nayo. Lakini mbanguaji mara nyingi hayumo kwenye orodha, kwa sababu kaya zilipokuwa zinatambuliwa mtaani, watu walisema huyu ana kazi. Kazi anayo. Anachokosa ni hela ya kumwezesha kwenda kwenye hiyo kazi. Akigeukia halmashauri anakuta mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na katika hiyo 10, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Hiyo ni ya mradi, na mkopo unarejeshwa. Ukiutumia kulipia malezi utaurejesha kwa hela gani? Nimemsikia pia msomi mmoja akipendekeza punguzo la kodi kwa wazazi wanaolipia malezi. Kodi ya mshahara haimgusi mwenye mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi, na wazazi wa watoto ninaowalea hawafiki huko. Utampunguzia nini mtu asiyekatwa? Punguzo hilo litaishia kwa wakubwa wa maofisini.

Ninachoomba ni hiki. Halmashauri ilipe nusu ya ada ya malezi kwa mtoto wa mzazi wa kipato kidogo anayefanya kazi, akiwa na umri wa chini ya miaka mitano, na iilipe moja kwa moja kwa kituo kila mwezi kwa simu. Mtendaji wa mtaa anawajua watu wake, afisa ustawi wa jamii athibitishe. Mwajiri aongeze robo, mama alipie robo iliyobaki. Siku ambazo mzigo hakuna kiwandani, nusu ya halmashauri isikatike, maana mama anahitaji kuitafuta riziki kwingine siku hizo hizo.

Nasisitiza kituo kilipwe moja kwa moja kwa sababu nimesoma yaliyowapata Waingereza. Kule mzazi wa kipato kidogo anayefanya kazi anaweza kusaidiwa hadi asilimia 85 ya gharama za malezi kupitia malipo yao ya Universal Credit. Tatizo lilikuwa kwamba alipe kwanza kutoka mfukoni, apeleke risiti, ndipo arudishiwe. Asiyekuwa na hela ya kuanzia, basi tena. Mwaka 2023 wakalegeza, anayeingia kazini akawa anaweza kusaidiwa malipo ya mwanzo. Sisi tusianze na hiyo ya risiti. Mama lishe gani ana risiti?

Kuhusu waajiri, tutazame wanaozibangua korosho zetu. Kwa miaka mingi korosho ghafi zimepakiwa bandari ya Mtwara kwenda India, na huko Kollam zinabanguliwa na wanawake kama hawa wa kwetu. Sheria ya Viwanda ya India ya mwaka 1948, iliyotumika hadi 2025, ilitaka kiwanda chenye wafanyakazi wanawake zaidi ya 30 kiwe na chumba cha watoto walio chini ya miaka sita, chenye hewa na mwanga, pamoja na mwanamke aliyefundishwa kulea. Sisemi kila kiwanda cha huko kilitii, sheria ni sheria na viwanda ni viwanda. Ila serikali yetu inasema inataka korosho zibanguliwe hapa hapa, na kongani ya viwanda inajengwa Maranje. Kwenye ramani za majengo hayo chumba cha watoto kiwekwe sasa, kabla zege halijakauka.

Hela zitatoka wapi? Mkulima asiongezewe makato, amechoka. Lakini ule ushuru wa mazao wa asilimia 3 halmashauri tayari zinaupata, na mwaka korosho inapopata bei, Tandahimba na Newala wanajua kinachoingia. Manispaa yetu haina mashamba mengi kiasi hicho, ila ina bandari, maghala na makampuni yanayolipa ushuru wa huduma. Kitengwe kifungu kidogo cha malezi chenye jina lake kwenye bajeti, tukione.

Hapa nirudi kwenye maslahi yangu, maana kuna mtego. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na ni haki. Nimeona nyumba ambazo nisingemwacha hata kuku. Lakini ruzuku ikienda kwa vituo vilivyosajiliwa pekee, itaishia kwenye vile vya geti na bembea, ambavyo mbanguaji hafiki. Sisi wa majumbani tunakwama kwenye choo cha watoto, uzio na mafunzo ya mlezi. Mimi nimejenga choo, uzio bado. Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na vituo vya kijamii vya kulelea watoto vimo katika mipango yake. Basi hiyo mikopo ya asilimia 10 itumike hapa: vikundi vya walezi tukopeshwe tukamilishe uzio na mafunzo, tusajiliwe, tukaguliwe, na ada yenye ruzuku ndiyo turejeshee mkopo. Mkaguzi aje bila taarifa, akikuta mtoto hajala anifungie.

Waheshimiwa madiwani wa Magomeni, Chikongola na Likombe wanajua kwamba bajeti ya mwaka wa fedha hupitishwa kabla ya Julai, na mapendekezo huanzia kwenye mitaa na kata. Nitakwenda kwenye mkutano wa mtaa na daftari langu, lenye siku ambazo kila mtoto amekuja na siku ambazo hakuja. Mheshimiwa akitaka kuliona kabla ya hapo, aje nyumbani mchana. Asubuhi sina pa kumkalisha.

Mama mlezi,
Magomeni, Mtwara