Majibu yetu yasiishie kwenye "mengineyo"

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo gazetini mwako manake hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliopita na nikinyamaza nitakuwa nimedhulumu. Kuna binti wa jirani yetu hapa Langoni, Lamu, amemaliza fomu fo akapata nafasi ya chuo kusoma sosholojia, na kasema waziwazi akihitimu anataka kufanya utafiti wa afya ya uzazi kama mimi. Basi nyumba ikawaka moto. Babake kasema hataki mwanawe azunguke majumba ya watu akiuliza mambo ya chumbani, nyanyake kasema hio si kazi ni kukosa haya, na lawama zote zikaja mlangoni kwangu ati mimi ndio nimemharibu mtoto.

Mimi hii kazi nimeifanya miaka 24. Nilianza kama kibarua wa kujaza fomu, nikasoma, nikawa mtafiti mwenyewe, na sijawahi kuionea aibu hata siku moja. Ngoja niwaeleze ni kazi gani, manake naona watu wanaibishia bila kuijua.

Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kijiji kimoja huko Kisiwa cha Pate, fomu ziko ndani ya faili la plastiki zisilowe kwenye boti. Nikakaa na mama mmoja ukumbini kwake, anachambua mchele kwenye uteo huku tunazungumza. Alikuwa na watoto wanne na wote kazaa nyumbani, na fomu yauliza kwa nini hukwenda hospitali. Majibu yameshaandikwa, wewe ni kutia alama tu: ni mbali, ni ghali, mume alikataa, sikuona haja, na chini kabisa kuna "mengineyo". Nikamuuliza. Akaacha mchele akanitazama, akasema, "Mwanangu, maji yalikuwa yamekupwa."

Mtu wa Pate hahitaji kuelezwa hilo, lakini msomaji wa bara pengine halijui. Uchungu ulimshika usiku, boti ipo, mafuta yapo, nahodha ameamshwa na amevaa, lakini kuja Amu, yaani Lamu mjini, unapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na miaka ile Mkanda maji yakitoka boti ilikuwa haipiti, ilikwama hapo katikati ya mikoko mpaka maji yajae tena. Wakakaa pwani kungojea maji na mtoto hakungojea. Huyu mama hakukataa hospitali, hakuwa na ujinga, mumewe hakumzuia, pesa walikuwa wameshachanga. Ni bahari. Nikatafuta pa kuliandika jibu lake sikupaona, basi nikatia alama pale kwa mengineyo, na ripoti ilipotoka nikaipekua kurasa zote, neno bahari halimo, maji halimo, kuna mstari mmoja tu wa mengineyo.

Tangu siku ile ndio nikajua kazi yangu ni nini. Aliyeandika yale maswali hakuwa mtu mbaya, ila hajawahi kulala kisiwani na mja mzito ndani ya nyumba. Laiti angekuweko mtoto wa huko huko Pate, wa Faza au Kizingitini, mezani siku yanaandikwa, kile kisanduku kingekuwako. Na ndio nasema huyu binti aende.

Na si kama mambo ni yale yale ya zamani. Kenya ilianza mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, kabla ya nchi nyingi za Afrika, na miaka hio utafiti ulikuwa ni kuhesabu tu, mwanamke amezaa wangapi, anajua dawa gani, anatumia au hatumii, basi. Uchunguzi wa 1977 na 1978 ulionyesha mwanamke wa Kenya anazaa watoto kama 8, na wakubwa wakashtuka kwa ajili ya idadi ya watu, si kwa ajili ya mama mwenyewe. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa idadi ya watu na maendeleo, huko Cairo mwaka 1994, ndio uligeuza kibao, nchi 179 zikakubali kwamba afya ya uzazi ni haki ya mtu, kwamba yule mwanamke ana rai yake na mwili wake na lazima asikilizwe. Katiba yetu ya 2010 nayo ikaliandika kwenye kifungu cha 43. Ukishasema mtu asikilizwe basi yatakiwa mtu wa kusikiliza, na daktari hana nafasi hio, foleni iko nje inamngoja. Huyo wa kusikiliza ndio mwanasayansi ya jamii.

Kusikiliza nako kuna ufundi wake. Fomu moja ilikuja na swali, "Je, mlitumia kinga?" Kiswahili safi, nani atakikosoa. Bibi mmoja huko Matondoni akanijibu ndio mwanangu, kila mimba, na akaniambia mpaka mwalimu aliyemwandikia. Kinga kwake ni hirizi! Karani mgeni angetia alama ya ndio akaenda zake, na huko Nairobi ikahesabiwa kwamba hawa watu wanatumia mipira sana. Na mimba "kuharibika" vilevile, hilo neno moja linabeba iliotoka yenyewe na iliotolewa, na mwanamke hatakwambia ni ipi mpaka akuamini.

Halafu kuna suala la mahali. Mara ngapi nimekaa na mke wa mtu, mavyaa yuko hapo pembeni anakuna nazi masikio yako kwetu, kila swali jibu ni hamna, sijambo, alhamdulilahi. Nikafunga daftari nikaaga. Nikifika kona ya uchochoro nasikia nyayo, ni yeye, bui bui kajitupia mbio, akasema dada ngoja, yale ulioniuliza si vile nilivyosema. Tukasimama pale ukutani akanieleza maumivu aliokuwa nayo tangu uzazi wa pili, mkojo unamtoka wenyewe, miaka mitatu hajamwambia mtu. Hio ni fistula, tundu la ndani linalobaki baada ya uzazi mgumu, inatibika kwa operesheni, na yeye alidhani ni yeye peke yake duniani. Alipata kupelekwa akatibiwa. Sasa nyanya uniambie, pale nilikosa haya mimi au nilifanya nini?

Na tukizungumzia hio haya, Bi Aisha mwenyewe, mkewe Mtume, radhiallahu anha, aliwasifu wanawake wa Ansari, wenyeji wa Madina, kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza wapate kuifahamu dini yao, na waliuliza mambo ya hedhi na janaba mbele ya Mtume. Na sisi hapa pwani tulikuwa na somo, msichana akivunja ungo anakabidhiwa mtu wa kumfunza mwili wake na usafi wake. Masomo wamekwisha, simu ndio imekuwa somo, na wazazi wamenyamaza. Uchunguzi wa serikali wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kushika mimba. Hao ni watoto wa kina nani kama si wetu?

Wazee wanaotushuku siwalaumu, nataka nalo lieleweke. Kule Marekani, Tuskegee, tangu 1932 mpaka 1972 serikali yao iliwaangalia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende wakiugua na kufa bila kutibiwa, wakidanganywa wanahudumiwa, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ndio dawa. Ndio maana leo nakusomea karatasi ya ridhaa mpaka mwisho kabla hujatia sahihi au dole gumba, ndio maana unaweza kukataa katikati ya mahojiano na mimi sina ruhusa ya kukasirika, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data inayosema habari za afya yako si mali ya kuchezewa. Mtafiti akikuruka hio karatasi mfukuze.

Kazi ina taabu zake, sitaki nimdanganye mtoto. Kandarasi za miezi mitatu mitatu, projekti inaisha mnaambiwa asanteni, penshoni hakuna. Lakini kilichoniuma zaidi si pesa. Kuna wazungu fulani tuliwakusanyia mahojiano zaidi ya mia visiwani, wanawake wamelia mbele yetu, kisha ripoti ikaandikwa Kiingereza ikakaa huko kwao. Miaka miwili baadae nashuka gati ya Faza, mama mmoja akanishika mkono, "Na yale maneno yetu yalifika wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi na boti ile ile nikiangalia maji njia nzima.

Baada ya hapo nikaweka nadhiri sifanyi utafiti wowote kama wenye utafiti hawakubali kurudisha majibu kwa Kiswahili, barazani, kwa wale wale waliohojiwa. Wengine wamekataa nikaikosa kazi. Waliokubali tumerudi, tumekaa mikekani na wanawake, tukawasomea, na wametusahihisha makosa ambayo maprofesa hawakuyaona. Mwaka 2014 mama 62 kwa kila 100 Kenya nzima ndio walizaa mikononi mwa mhudumu aliefunzwa, 2022 wakafika 89. Niliposoma hizo hesabu kijiji kimoja, mkunga mmoja mzee akauliza swali nililolichukua mpaka kwenye mkutano wa kaunti: na hao 11 waliobaki, wangapi wanakaa visiwani?

Hilo swali lataka mtu wa kulifuata, mwenye miguu ya kupanda boti na masikio ya Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, na mimi magoti yananiuma sasa.

Kwa hivyo wewe babake binti, najua gazeti hili unalisoma kila siku pale barazani baada ya Alasiri. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Mimi na wenzangu wawili tumeshachanga nauli ya basi na godoro. Njoo nyumbani, uje na nyanyake pia, daftari zangu zote nitawatolea isipokuwa majina ya watu, muniulize lolote mnalotaka na mimi nitajibu.

Wako,
Mtafiti, Langoni, Lamu