Kitanda kisichofika

Columbus, Ohio

Shoga yangu,

Pole sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara zote mbili nimekusikia ukisema utaiambia benki kadi yako ya mkopo iliibiwa. Hapana, mwenzangu. Kitanda ulikiagiza mwenyewe kwa simu, dola 640, na duka lina jina lako na anwani yako. Ukinaswa kwa uongo huo mmoja, hata ukweli wako hautasikilizwa.

Sema lililotokea: nimelipa, mzigo haujafika. Hapa Marekani sheria ya mwaka 1974 inalihesabu hilo kuwa kosa la bili, na benki haiwezi kukukatalia kabla ya kuchunguza na kujiridhisha kwamba mzigo ulifikishwa kweli. Kwa hiyo usiililie sana ile risiti uliyoitupa. Wewe utaonyesha karatasi gani ya kitu ambacho hakikuja? Wenye duka ndio waulizwe nani alipokea, na sahihi iko wapi.

Mimi jimu moja iliendelea kunikata miezi mitatu baada ya kujitoa. Nilijitoa kwa mdomo tu, pale kaunta, kwa kijana aliyekuwa anatafuna bazoka. Nikafukua simu, nikakuta meseji niliyomtumia mume wangu siku ileile: "Nimeshajitoa jimu, hela hiyo tununue viatu." Meseji hiyo ya viatu ndiyo iliyonisaidia! Hela ya miezi miwili kati ya hiyo mitatu nikarudishiwa. Ya mwezi wa kwanza ilipotea kwa uzembe wangu, siku 60 za kulalamika zilishapita tangu benki itume taarifa ya kadi ya mwezi huo.

Taarifa yako yenye hiyo 640 ilitumwa lini? Itazame sasa hivi, barua hii itakusubiri. Kisha andika tarehe, saa ulizowapigia, na walichokujibu, kabla hujasahau. Yule unayekaa naye, si alishinda nyumbani siku waliyosema gari litakuja? Naye aandike mistari miwili, atie sahihi.

Kupiga simu benki hakutoshi. Tuma barua ya rejista kwa anwani ya malalamiko ya bili, siyo ile ya kulipia. Wana siku 30 za kukujibu kwamba wameipata, na wasizidi 90 kumaliza. Wakati huo hiyo 640 hulazimiki kuilipa, ila deni lingine la kadi lipa kama kawaida.

Nisomee rasimu kabla hujafunga bahasha. Jumapili jioni nitakuwa huru, watoto wakishalala.

Wako,
Shoga yako wa Ohio