Barua kwa Mhariri: Sir William Dolben na picha ya meli ya Brooks

Mhariri,

Kila makala ya kukomeshwa kwa biashara ya utumwa inapochapishwa, William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyeongoza kampeni hiyo bungeni, hutajwa, na mchoro wa Brooks, meli ya Uingereza iliyosafirisha watumwa, huwekwa kando yake. Naomba nafasi nimtaje mtu ambaye mchoro huo hauwezi kueleweka bila yeye: Sir William Dolben (1727–1814), baroneti (cheo cha heshima cha kurithi) wa Finedon, Northamptonshire, na mbunge aliyewakilisha Chuo Kikuu cha Oxford kwa miaka mingi.

Mwaka 1788, Wilberforce akiwa mgonjwa, Dolben na wabunge wenzake walikwenda kukagua meli ya watumwa iliyokuwa ikitayarishwa katika mto Thames. Haikuwa na mateka hata mmoja, lakini nafasi waliyotengewa ilimshtua kiasi kwamba alipeleka muswada bungeni mwaka huohuo. Sheria iliyopatikana iliruhusu watu 5 kwa kila tani 3 za meli hadi tani 201, kisha mtu 1 kwa kila tani iliyozidi. Ililazimisha meli iwe na tabibu, na ikaahidi nahodha pauni 100 na tabibu pauni 50 iwapo waliokufa safarini hawakuzidi 2 katika kila 100.

Ni sheria inayoumiza kuisoma, kwa kuwa inapima binadamu kwa tani na kumtuza nahodha kwa kutowaua watu aliowafunga minyororo. Baadhi ya wapinzani wa utumwa waliogopa, na nadhani kwa haki, kwamba biashara iliyowekewa kanuni ingeonekana halali. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza Bunge la Uingereza liliingilia kati yaliyokuwa yakitendeka ndani ya meli hizo, ambayo wafanyabiashara waliyaona kuwa mambo yao wenyewe. Kwa kuwa sheria ilikuwa ya muda, ilibidi ihuishwe tena na tena. Dolben alitoka bungeni mwaka 1806, na mwaka uliofuata biashara yenyewe ikapigwa marufuku.

Ombi langu linahusu maelezo ya picha. Mchoro ule wa miili iliyopangwa bega kwa bega unaonyesha Brooks ikiwa imepakiwa kwa kufuata sheria ya Dolben, iliyoiruhusu kubeba watu 454, ilhali kabla ya hapo meli hiyo iliwahi kubeba watu 609. Wasomaji wengi hudhani wanatazama uvunjaji wa sheria. Tafadhali waelezeni chini ya picha kwamba wanatazama meli iliyoitii.

Msomaji wenu,
Tanga